Kabla ya Kumeza Kidonge: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Ngozi na Ini

Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinywe dawa aliyoandikiwa jirani. Usikubali vidonge vya kuhesabiwa kwenye bahasha isiyo na jina la dawa, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Haya unayajua, kwa hiyo nayapita.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi kinachounguza ngozi au ini si dawa kama ulivyoimeza, bali kile ambacho dawa hiyo hugeuka kuwa ikiwa mwilini. Ini huibadilisha ili itoke kwa mkojo au nyongo, na katika kazi hiyo huzaliwa metaboliti, yaani kemikali mpya zitokanazo na dawa, ambazo baadhi yake ni kali kiasi cha kung'ang'ania protini yoyote iliyo karibu. Kwa kawaida glutathioni, kemikali ya kujikinga iliyomo ndani ya seli, huzinasa mapema. Zikizidi, seli za ini hufa, na pengine kinga ya mwili huiona protini iliyong'ang'aniwa kuwa kitu kigeni, ikaanza kuishambulia ngozi ya mwenyewe.

Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na uhesabu pia ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Mnywaji wa kila siku, iwe mvinyo wetu wa zabibu au pombe ya kienyeji, na aliyeshinda njaa, wanaweza kuwa na glutathioni pungufu, hivyo waulize kwanza kipimo chao. Aliyezidisha aende hospitali saa hiyohiyo hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu asetilisisteini, dawa inayoliokoa ini, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8 za mwanzo.

Sasa nije kwenye lililotugharimu. Mdogo wangu wa kike alitumia Septrin kwa maambukizi ya mkojo, tukiwa Chamwino, mwezi wa Oktoba, joto la kabla ya mvua likiwa limepamba moto. Siku mbili baada ya kumaliza dozi akatokwa na vipele kifuani na mgongoni. Mimi, dada mkubwa mjuaji, nikamwambia ni joto na vumbi, nikampaka poda, vikaisha, tukasahau. Mwaka uliofuata, akiwa mjamzito, kliniki wakampa vidonge 3 vya SP vya kukinga malaria. Muuguzi alimuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, naye akajibu hana, na hakusema uongo, kwani mimi ndiye niliyekuwa nimempotosha. Septrin ina salfamethoksazoli na SP ina salfadoksini: majina ni mawili, lakini zote ni za kundi la salfa, na kinga yake ilikuwa bado inaikumbuka salfa. Jioni ile macho yalimwasha. Kesho yake midomo ilijaa malengelenge, mate hayamezeki, na ngozi ya kifua ikawa inachubuka kwa kuguswa na khanga tu. Daktari alisema ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, na vipimo vikaonyesha kuwa ini nalo limeguswa. Alipona, na mtoto alizaliwa salama, lakini mpaka leo macho yake ni makavu, na siku za upepo hatoki bila dawa ya matone.

Kwa hiyo vipele vikitokea ndani ya wiki 4 tangu uanze dawa mpya, nenda ukaonyeshe, na jina la dawa, si rangi yake, liandikwe kwenye daftari lako la matibabu pamoja na kundi lake. Mwombe mhudumu ajaze pia fomu ya kuripoti madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge ni safari ya hospitali usiku huohuo. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu, akiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho yamekuwa ya njano au ugali umemchukiza ghafla, asingoje tarehe ya kliniki. Anayeanza kabamazepini ya kifafa achunguze ngozi yake kila siku katika wiki za mwanzo. Na mitishamba, hata aliyokuletea bibi kutoka Kondoa, mtajie daktari, kwa kuwa nayo hupita kwenye ini lilelile.