Kumlea mtoto wa mbwa katika nyumba ya ghorofa

Mwezi uliopita jirani yangu wa ghorofa ya tatu, hapa Donholm, Nairobi, alileta mtoto wa mbwa mwenye wiki nane, na baada ya siku nne akabisha mlangoni kwangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akiuliza mnyama huyo angezoea lini. Nilimwonyesha niliyojifunza kwa wangu, nami nayaandika hapa kwa ajili ya wengine wasio na ua.

Hatua ya kwanza: hesabu saa zako kabla hujamleta

Kumtoa nje, kumlisha mara tatu au nne, kupangusa na kumfundisha hakupungui saa tatu kila siku kwa miezi miwili ya kwanza, nazo haziji kwa mfululizo bali dakika kumi kumi, tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi matatu na kurudi saa mbili usiku, naye hana wa kumwachia, ni heri achukue mbwa mzima aliyekwisha kuzoea nyumba; KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, huwa na mbwa wanaotafuta makao.

Hatua ya pili: daktari wa mifugo

Chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) na magonjwa mengine huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo usiisahau.

Hatua ya tatu: choo

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Wangu alikuwa amechagua pembe iliyo kando ya mtungi wa gesi, na kila alipokojoa nilipangusa kwa klorini mpaka sakafu ikanukia hospitali, naye kesho yake akarudi palepale. Nilikuwa nimepima usafi kwa pua yangu badala ya yake. Isitoshe, klorini ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaowasha macho na koo. Kausha mkojo kwanza kwa kitambaa, kisha mimina siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hasa kwenye mianya ya vigae, uiache dakika kumi kabla ya kupangusa.

Mtoe kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na katikati ya hayo saa mbili zisipite. Mbebe kwenye ngazi, kwa sababu ukimwacha ateremke mwenyewe atakojoa ghorofa ya pili, na keateka atakuwa na la kusema. Mpeleke mahali pamoja tu, ndani ya geti, pasipofikiwa na mbwa wa mitaani, maana chanjo zake bado hazijakamilika na parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi. Sisi hutumia kipande cha nyasi nyuma ya tangi la maji. Usipokuwa na mahali kama hapo, karai lenye udongo na nyasi kwenye roshani litakufaa kuliko gazeti. Gazeti silipendi kabisa: humfundisha kwamba ndani panaruhusiwa, na siku utakapoangusha lako sakafuni kabla hujalisoma, usimlaumu.

Akimaliza, msifu na umpe kipande cha ini la kuchemsha papo hapo chini, si mkiwa mmerudi mlangoni, kwa maana hapo atadhani analipwa kwa kupandishwa ngazi. Usiku, tega saa ikuamshe saa nane na saa kumi na moja. Shuka naye bila mazungumzo wala michezo. Bawabu wetu wa zamu ya usiku alinidhania nina wazimu, lakini kufikia siku ya sita alikuwa akinimulikia njia kwa tochi.

Ukikuta dimbwi ambalo hukumwona akilifanya, pangusa unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kwenda kukojolea nyuma ya kochi, na jirani yangu alilazimika kulisogeza lake kuthibitisha.

Hatua ya nne: sauti na watu

Kabla ya wiki ya kumi na nne hivi ndipo mbwa hujifunza kwa urahisi mambo asiyopaswa kuyaogopa, na wakati huo bado hawezi kutembea barabarani. Kwa hiyo mbebe hadi kituoni, asikie honi za matatu na bodaboda. Anayetaka kumgusa amguse. Asiyetaka, au ambaye kwa imani yake mate ya mbwa ni najisi, asilazimishwe, nawe umpishe kwenye ngazi.

Hatua ya tano: adabu

Dakika tano, mara tatu kwa siku, kwa neno moja lisilobadilika: ukisema «keti» leo, yaya asiseme «kaa» kesho. Aking'ata mkono, acha kucheza uondoke. Mnyororo wa kukaba shingo usinunue. Chanjo zikikamilika, mpeleke msitu wa Karura siku ya kazi asubuhi, wakati watu ni wachache, na kamba usiifungue, kwani ndiyo kanuni ya msitu, na kima huwa wako karibu.