SOMO: Kupima LL na PL (viwango vya maji ambapo udongo unabadilika tabia) ya udongo wa mbuga kwa koni, hatua kwa hatua (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu habari za muda huu. Naliandika hili kwa sababu kila wanafunzi wa sivili wakianza fildi swali linakuja lilelile, mara simu, mara meseji usiku, "kaka mbona LL yangu imetoka 46 na ya mwenzangu 61 na udongo tumechota shimo moja?" Nimejibu mpaka nimechoka, leo naweka lote hapa, ukiniuliza tena nakuelekeza huku.

Jibu fupi ni kwamba koni (ile ncha ya chuma tunayoachia izame kwenye udongo) haina kosa. Kipimo kinaharibika siku unayoandaa sampuli, ukifika kwenye koni unasoma tu kile ulichokwisha haribu.

Na kwa hapa Dodoma hili jambo ni zito. Udongo mwekundu wa kichanga ukikosea kidogo namba haiendi mbali, ila mbuga, ule mweusi wa Bahi na wa mabondeni huko, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia, mvua zikianza Desemba unavimba na kung'ang'ania kwenye buti, huo ukiuandaa vibaya unakupa PI (tofauti ya LL na PL) ya udongo mwingine kabisa. Mtu anachora msingi wa nyumba akiamini yuko kwenye udongo wa kawaida, mvua zikipita kuta zinafunguka kona za madirisha na aliyejenga kwa mkopo ndo anabaki nazo.

Kwa wageni: LL ni asilimia ya maji ambapo udongo unaacha kuwa ugali unaanza kuwa uji. PL ni pale unapoacha kufinyangika na kuanza kumeguka. PI ni LL toa PL. Aliyeanzisha ni Atterberg, mkemia wa Uswidi, 1911. Hapa nafuata BS 1377 (kiwango cha Uingereza) sehemu ya 2 ya mwaka 1990.

1. Chota sampuli, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika shimo na kina.

2. USIKAUSHE KWA OVENI. Hapa ndo watu wanapoangukia kwa hiyo naomba utulie. Oveni ya digrii 105 ni ya kutafuta asilimia ya maji mwishoni, haina kazi kwenye kuandaa sampuli ya LL. Mfinyanzi ukiuchoma kwa joto hilo maji yaliyokaa katikati ya vipande vyake yanatoka, vipande vinagandana na kuwa vipunje vigumu, ukirudisha maji havifunguki vyote, kwa hiyo unachopima ni kama mchanga laini na LL inashuka. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, unga ni uleule, rangi ileile, ndo maana mtu anabisha. Bora kuliko yote tumia udongo ukiwa na unyevu wake wa shambani, toa mawe na mizizi kwa mkono. Kama una changarawe nyingi basi anika kwa hewa, kivulini, umetandaza kwenye trei. Nasema kivulini kwa sababu najua mtakimbilia kuanika juu ya bati, na jua la hapa la saa saba juu ya bati tayari ni joto ambalo hulipimi wala hulidhibiti. Ukianika andika kwenye ripoti kwamba umeanika.

3. Ponda mabonge kwa mchi wenye mpira. Unatenganisha mabonge, husagi punje za mchanga.

4. Pitisha chekeche ya mikroni 425, pata kama gramu 300. Pima na asilimia ya udongo uliopita kwenye chekeche, usiitupe hiyo namba.

5. Changanya na maji ya distili juu ya kioo, kwa spachula mbili, mpaka uwe tope zito, kisha fungia kwenye chombo kisichopitisha hewa SAA 24. Hizi saa 24 ndo mnazoruka kwa sababu ya haraka. Mbuga inanyonya maji polepole, nje bonge limelowa ndani bado kavu, ukipima siku hiyohiyo alama za kwanza kwenye grafu na za mwisho zinakuwa kama za udongo mbili tofauti na mstari wa grafu haunyooki. Maji ya bomba na ya kisima msitumie, chumvi iliyomo inabadilisha jinsi mfinyanzi unavyoshika maji, na mbuga ndo unaoathirika zaidi.

6. Kesho yake tenga kwanza kama gramu 20 za PL, halafu rudisha uliobaki kwenye kioo uchanganye tena dakika 10 bila kupumzika. Mbuga nzito inaweza kutaka hata dakika 40, mkono utauma.

7. Kagua koni. Koni na fimbo yake ziwe gramu 80, pembe digrii 30, ncha ikwaruze kidole, ikiwa butu omba nyingine.

8. Jaza kikombe bila kufungia hewa ndani, sawazisha juu. Shusha koni mpaka ncha iguse uso tu, ukisogeza kikombe kidogo iache mkwaruzo mdogo, soma saa ya koni inayoonyesha milimita. Achia sekunde 5, funga, soma tena. Inua, futa koni, ongeza udongo kidogo, rudia. Zikitofautiana si zaidi ya milimita 0.5 chukua wastani. Zikizidi hapo lakini hazijafika 1, piga ya tatu, na zote tatu zikiwa ndani ya milimita 1 chukua wastani wa tatu. Zaidi ya hapo toa udongo changanya upya.

9. Chota kama gramu 10 pale koni ilipozama, weka kwenye kopo, pima, ndo huu sasa unaenda oveni 105 mpaka 110. Mfano: kopo gramu 21.40, kopo na udongo mbichi 33.86, baada ya oveni 29.40. Maji ni 4.46, udongo mkavu 8.00, asilimia 55.8.

10. Ongeza maji kidogo, changanya, rudia mpaka upate alama nne au zaidi, koni ikizama kati ya milimita 15 na 25. Nenda kutoka ukavu kwenda ubichi, usirudi nyuma kwa kuongeza unga mkavu.

11. Chora grafu, maji upande mmoja, kuzama upande mwingine, mstari mmoja ulionyooka, soma maji kwenye milimita 20. Hiyo ndo LL, andika namba nzima.

12. PL: gawa zile gramu 20 mara mbili, kila nusu vipande vinne. Viringisha kwa vidole uzi wa milimita 6, halafu juu ya kioo ushuke mpaka 3 kwa kwenda na kurudi mara 5 hadi 10, mfinyanzi mzito hadi 15. Ukifika 3 haujakatika, kunja, finyanga, viringisha tena, joto la mkono litaukausha. Unatafuta umeguke kwa urefu na kwa upana ukiwa kwenye milimita 3. Msiukandamize ili ukatike, na ukishameguka mara ya kwanza usiuunganishe uendelee, hapohapo unaenda kwenye kopo. Nusu mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 0.5 rudia.

Maswali karibuni.

nzuguni_boy: Mkuu somo zuri ila muda hautoshi, je naweza kukausha kwa oveni 105 usiku mmoja afu nikaendelea?

Fundi Koni: Hatua ya 2. Nimeandika kwa herufi kubwa.

nzuguni_boy: Nilikua nauliza tu kama kuna namna.

Fundi Koni: Namna ni kuchota sampuli mapema.

binti_kibaigwa: Kaka shikamoo. Nimeelewa oveni inashusha LL, sasa nauliza, kuna wakati mtu anaikausha kwa oveni makusudi ili aone imeshuka kiasi gani? Maana hiyo tofauti yenyewe si inasema kitu kuhusu udongo?

Fundi Koni: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri sana. Ndiyo, upo. Kwenye mfumo wa ASTM D2487 (kiwango cha Marekani cha kupanga udongo makundi) unapima LL mara mbili, moja bila kukausha na moja baada ya oveni, ukigawa ile ya oveni kwa ile nyingine ukapata chini ya 0.75 udongo unahesabika una mboji, unaingia kundi la O. Kwa hiyo hata pale oveni inatumika kwa kujua, na zote mbili zinaandikwa. Ukipata sampuli nyeusi ya kando ya bwawa yenye harufu jaribu, gawanya sampuli moja mara mbili ujionee. Ila usidhani kila cheusi kina mboji nyingi, mbuga yetu ni nyeusi na mara nyingi mboji yake ni kidogo tu.

Chuma_Dom: Sisi saiti tunakausha kwa oveni miaka yote na konsalta anapitisha, msitishe watoto.

Fundi Koni: Kupitishwa hakubadilishi udongo mkuu. Changarawe ya kifusi yenye mfinyanzi kidogo inaweza isioneshe tofauti kubwa, hapo nakuelewa. Chukua mbuga ufanye njia zote mbili uweke namba hapa, tutazungumza kwa namba.

Chuma_Dom: Sawa, kazi yetu nyingi ni kifusi kweli. Nitajaribu.

Mwanafildi: Naomba mwenye data za LL na PL za udongo wa Nala anitumie nijazie ripoti, dedilaini Ijumaa.

Fundi Koni: Sitoi.

Mwanafildi: Duh, kusaidiana tu jamani.

Fundi Koni: Nakusaidia hivi: leo Jumatatu. Chota leo, changanya leo, kesho jioni unapima, Jumatano makopo yanatoka oveni, Alhamisi unaandika. Kuna mtu atajenga juu ya hizo namba siku moja.

Kondoa Kwetu: Chuo chetu tuna kile kikombe cha Casagrande, koni hamna. Je majibu yanafanana?

Fundi Koni: Kwa udongo wa kawaida yanakaribiana. Kikombe kinadondoka milimita 10, mara 2 kwa sekunde, unatafuta maji ambayo mfereji uliokata katikati ya udongo unajifunga milimita 13 kwa mapigo 25. Shida yake ni mkono wa mtu na ile sakafu ya mpira iliyochakaa, ndo maana BS ikaipa koni kipaumbele. Kagua ile milimita 10 kabla ya kuanza, skrubu inalegea. Na ripoti iseme umetumia kipi.

binti_kibaigwa: Kaka maji ya distili napata wapi, maabara yetu yameisha?

Fundi Koni: Petrol stesheni au duka la spea, omba maji ya betri yale ya KUONGEZEA. Ukisema maji ya betri tu unaweza kupewa asidi, soma chupa kabla hujalipa.

Chuma_Dom: Na makopo msiandike namba kwa maka peni, oveni inaifuta. Kwaruza kwa msumari kwenye kopo na mfuniko wake, mkichanganya mifuniko uzito unapotea.

Fundi Koni: Hiyo ni kweli kabisa, asante mkuu.

Manyoni1: Habari, mimi niko Itigi. Asilimia ya maji haitulii, nikipima asubuhi inapungua, nikirudisha oveni jioni inapungua tena. Umeme unakatika pia lakini sidhani kama ndo sababu.

Fundi Koni: Umeme ukikatika usifungue oveni, ukirudi endelea, ukauke mpaka vipimo viwili vya uzito vya kupishana saa 4 visitofautiane zaidi ya asilimia 0.1 ya uzito wa kwanza. Ila kwako nahisi ni jasi, si huko inachimbwa? Jasi ina maji ndani ya fuwele zake, ukiichoma 105 yanaanza kutoka na wewe unayahesabu kama unyevu wa udongo. Shusha oveni isizidi 80, subiri muda mrefu zaidi. Chota kidogo upime kwa joto zote mbili, tofauti ikiwa kubwa umepata jibu.

Manyoni1: Nimeelewa, sikuwahi kuambiwa. Nashukuru sana.

nzuguni_boy: Mkuu nimerudi. Nimeloweka saa 24 mara hii. LL 58, PL 24. Nimefaulu?

Fundi Koni: Safi, sasa tunaongea. PI yako 34. Mstari A (unaotenganisha mfinyanzi na silti kwenye chati) ni 0.73 mara (LL toa 20), yaani 0.73 mara 38, inakuja 27.7. Wewe uko juu yake na LL imepita 50, ni CH, mfinyanzi wa unyumbufu mkubwa. Asilimia iliyopita 425 ilikuwa ngapi?

nzuguni_boy: Sikupima 🙏

Fundi Koni: Hatua ya 4. Udongo uliobaki kwenye mfuko bado unao? Pima leo, bila hiyo hatujui PI ya 34 ni ya udongo wote au ya robo yake tu. Na kwa kuwa ni mbuga, tope lililobaki kwenye kioo usilitupe, lilete karibu na LL ujaze kwenye ule mfereji wa shaba wa milimita 140 wa kupimia kusinyaa, upake grisi kwanza, uache hewani taratibu mpaka ubanduke pembeni, halafu oveni ya digrii 65, halafu 105. Ukibaki milimita 119, umesinyaa asilimia 15.

nzuguni_boy: Huo mfereji nimeuona kabatini, hakuna anayeutumia.

Fundi Koni: Uoshe, utumie.