Kufuatilia historia ya mlenga shabaha wa bunduki wa 1900–1914 ukiwa Uganda

Anza na matokeo, wasifu uje baadaye. Wasifu wa walenga shabaha wa enzi ile mara nyingi umenakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine pamoja na makosa yake, ilhali alama zilichapishwa magazetini wakati uleule, mara nyingine pigo kwa pigo.

Chora jedwali kwenye daftari au kompyuta. Safu zake ziwe: tarehe, uwanja, shindano, umbali, idadi ya risasi, mkao wa mwili, bunduki na aina ya risasi, alama alizopata, alama za juu kabisa, na mahali ulipoyasoma. Safu usiyo na habari zake iache wazi. Kujaza kwa kukisia ndiko kunakoharibu kazi nyingi za aina hii, kwa sababu baada ya mwezi mmoja hutakumbuka kipi ulisoma na kipi ulidhani.

Kwa Michezo ya Olimpiki, fungua Olympedia, tovuti ya matokeo ya Olimpiki, upate orodha, kisha uhakikishe kwenye ripoti rasmi za 1908 na 1912, ambazo zinasomeka bure mtandaoni. Kwa mashindano ya kila Julai huko Bisley, Uingereza, tafuta kwenye hifadhi za magazeti za Trove ya Australia na Papers Past ya New Zealand. Hazilipishwi, na magazeti ya makoloni yalipokea matokeo kwa telegramu. Ukiwa na intaneti ya kupima, pakua kurasa unazozihitaji tu. Ripoti nzima ni faili nzito.

Sasa sehemu ngumu: kusoma alama. Kwenye mashindano ya yadi ya Waingereza, duara la katikati lilikuwa na alama 5, kisha 4, 3 na 2 kuelekea nje. Risasi 7 zikipigwa kwa umbali mmoja, alama za juu ni 35. Hatua ya kwanza ya King's Prize, shindano kuu la Bisley, ilipigwa yadi 200, 500 na 600, yaani takriban mita 183, 457 na 549, hivyo jumla ya juu ni 105. Ukikuta mfululizo kama 5 4 5 5 3 5 5, ujumlishe mwenyewe: 32. Kompyuta iliyosoma gazeti kuukuu hubadili 3 kuwa 8 na 5 kuwa 6. Tarakimu yoyote inayozidi 5 hapo ni kosa la usomaji, kwa hiyo fungua picha ya ukurasa wenyewe. Risasi za majaribio za mwanzo hazihesabiwi, usizijumlishe.

Mashindano ya mita 300 yalitumia shabaha ya alama 10. Mwaka 1908 Albert Helgerud wa Norwei alishinda kwa alama 909 kati ya 1,200, akipiga risasi 120 kwa mikao mitatu: kusimama, kupiga goti na kulala. Mwaka huohuo Joshua Millner, ambaye kwingine anaandikwa Jerry, alishinda yadi 1,000 kwa alama 98 kati ya 100. Ukigeuza kuwa asilimia na kusema Millner alikuwa hodari zaidi, utakuwa umepotosha. Kusimama na bunduki nzito ni kazi nyingine kabisa, na mashindano ya mbali nayo yana mtihani wake wa upepo. Upepo wa kukata pembeni wa kilomita 16 kwa saa husukuma risasi ya .303, ile ya bunduki za jeshi la Uingereza, zaidi ya mita mbili ifikapo yadi 1,000, na duara la katikati huko lilikuwa na upana wa sentimita 91 tu.

Angalia pia risasi zilizotumika. Jeshi la Uingereza lilipokea risasi ya Mark VII mwaka 1910: yenye ncha kali, gramu 11.3, ikitoka mtutuni kwa takriban mita 744 kwa sekunde. Ya awali, Mark VI, ilikuwa butu, ya gramu 13.9, na ya polepole zaidi. Mtu akipanda ghafla kwenye umbali mrefu baada ya hapo, chunguza risasi kabla ya kumsifu kwa mazoezi mapya.

Majina ndiyo mtego mkubwa. Chukua ukoo wa Fulton. George alishinda Queen's Prize, jina la King's Prize enzi za malkia, mwaka 1888. Mwanawe Arthur akashinda King's Prize mwaka 1912, 1926 na 1931. Robin, mwana wa Arthur, akashinda mwaka 1958. Andika herufi za kwanza za jina, cheo na kikosi kila mara, maana magazeti husema “Fulton” tu. Cheo hubadilika, kikosi hubadilika mara chache, basi tafuta kwa kikosi kwanza.

Pengo la 1915 hadi 1918 lisikushtue: mikutano ya Bisley ilisimamishwa kwa sababu ya vita. Pengo la kabla ya hapo, hasa kwa afisa wa jeshi, laweza kuwa ni utumishi Afrika. Hapa sisi wa Uganda tuna nafasi nzuri. Kama alikuwa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa 1902, tafuta uteuzi wake kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, kisha nenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, Wandegeya, Kampala, uombe gazeti rasmi la serikali ya Uganda la miaka hiyo. Tarehe za maafisa kwenda likizo ndizo za kutazama. Likizo iliyoangukia Julai inafaa kulinganishwa na orodha za Bisley za mwaka huo. Maktaba ya Uganda Society ndani ya Jumba la Makumbusho, Kamwokya, na sehemu ya Africana (machapisho kuhusu Afrika) ya maktaba ya Makerere ni vituo vinavyofuata. Piga simu kabla ya kusafiri uulize vibali na saa za kazi, na beba penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye hifadhi nyingi.

Unapoandika, kila alama iende na umbali wake, idadi ya risasi na alama za juu kabisa, ndani ya sentensi hiyohiyo. Yadi ziache yadi, kisha weka mita pembeni.