Askari mwenye bastola anapoagiza chakula: mwongozo kwa wenye migahawa na maduka nchini Marekani

Mwenye mgahawa nchini Marekani anayejiuliza kama awakatalie huduma askari polisi wenye silaha anapaswa kwanza kutambua kwamba askari anayeingia mlangoni anaweza kuwa amekuja kwa mojawapo ya hali tatu, na kwamba kila hali ina sheria zake. Anaweza kuwa amekuja kikazi. Anaweza kuwa yuko zamuni, amevaa sare, na njaa imemshika. Au anaweza kuwa amemaliza zamu, amevaa nguo za kiraia, na bastola ameificha chini ya shati.

Askari aliyekuja kikazi si mteja. Ikiwa ameitwa kwa dharura, anamfukuza mtu, au ameshika hati ya upekuzi yenye saini ya hakimu, kanuni za nyumba yako hazimhusu, na anayemzuia kwa nguvu anajitafutia kesi ya jinai. Hapa wahamiaji wenzangu wanahitaji angalizo moja, kwa sababu mara nyingi polisi wa mji na maofisa wa uhamiaji huchanganywa katika hofu moja. Ukumbi wa wateja uko wazi kwa umma, lakini jikoni, stoo na ofisi ni sehemu za faragha. Ofisa wa uhamiaji mwenye hati iliyosainiwa na idara yake tu, bila hakimu, hapati kwa hati hiyo haki ya kuingia katika sehemu hizo pasipo ridhaa yako. Wafundishe wahudumu kuomba kuiona hati, kutobishana, na kukuita wewe au mtu uliyemwachia dhamana.

Askari wa sare aliyekuja kula ndiye anayeleta ugumu wa kweli. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mahali panapohudumia umma, migahawa ikiwamo, pasimbague mteja kwa misingi ya asili ya kikabila, rangi, dini au nchi alikotoka. Kazi ya mtu haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho mwenye biashara ana nafasi ya kumkatalia askari kama anavyoweza kumkatalia mtu asiyevaa viatu. Hata hivyo, sheria za majimbo zinatofautiana sana. California ina Sheria ya Unruh ya mwaka 1959, ambayo mahakama zimeisoma kwa upana kuliko orodha iliyoandikwa ndani yake. Texas ilipitisha mwaka 2017 sheria inayokataza biashara inayohudumia umma kumzuia ofisa wa polisi kubeba ndani ya eneo lake silaha aliyoruhusiwa kuibeba, na adhabu yake ni dola 1,000 kwa kila kosa. Kwa hiyo, kabla hujabandika kitu mlangoni, mwulize wakili wa jimbo lako, kisha usome mkataba wako wa pango na, kama umepangishiwa jina la kampuni kubwa, mkataba wa jina hilo pia, kwani huenda uamuzi huu si wako hata kidogo.

Sheria ikikuruhusu, liko jambo ambalo wengi hulikwepa. Idara nyingi za polisi zinamtaka askari aliye zamuni na sare awe na silaha yake wakati wote. Hawezi kuiacha garini kama mwavuli. Kwa hiyo tangazo linalosema «hatupokei silaha» lina maana, kwa vitendo, kwamba askari wa sare hawahudumiwi, hata kama hukulitaja neno polisi. Hakuna ubaya kuchagua hivyo, ila uchague ukijua, na usije baadaye ukasema kwamba kanuni yako haikuwalenga askari.

San Francisco inatoa mifano miwili ya karibu. Mwezi Desemba 2021 askari watatu wa sare waliketi katika mgahawa wa Hilda and Jesse, mtaa wa North Beach, na muda mfupi baadaye wakaombwa waondoke kwa sababu wahudumu walipata wasiwasi kutokana na silaha zao. Mgahawa ulieleza kwamba wangekaribishwa siku nyingine bila sare na bila silaha, lakini lawama zilipozidi, wenye mgahawa waliomba radhi hadharani ndani ya siku chache. Mwaka mmoja baadaye mgahawa wa Reem's, wa vyakula vya Kiarabu, ulikumbwa na mzozo wa namna hiyo baada ya askari kukataliwa huduma. Wao hawakurudi nyuma; walisema kanuni yao inakataza bunduki kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi na wateja. Unaweza kuwapinga Reem's kwa moyo wote na bado ukakubali kwamba walijua wanachokisimamia. Uamuzi unaofanywa baada ya mtu kuketi na kupewa menyu huwa ni aibu kwa pande zote mbili, na aibu haina utetezi.

Kosa jingine ni kumwachia uamuzi kijana wa kaunta. Tarehe 4 Julai 2019, katika duka la Starbucks huko Tempe, Arizona, askari sita waliokuwa wakinywa kahawa waliombwa wasogee pasipoonekana au waondoke, eti kwa sababu mteja mmoja hakujihisi salama. Kampuni iliomba radhi upesi. Malalamiko ya mteja mmoja, tena bila askari kufanya lolote, hayatoshi kumwondoa mtu mezani. Mhudumu akipokea malalamiko ya aina hiyo, amtafutie mlalamikaji meza nyingine au amfungie chakula aondoke nacho.

Ushauri wangu ni huu: katika biashara nyingi, mhudumie askari wa sare kama unavyomhudumia fundi bomba aliyevaa ovaroli. Yuko kazini, hanywi pombe, jina na namba yake vinaonekana kifuani, na kumwondoa hakumwondolei mhudumu wako hofu aliyonayo anapoendesha gari usiku kurudi nyumbani. Silidharau jambo la hofu hiyo. Wapo wafanyakazi Weusi na vijana wa Kisomali au Kikongo waliosimamishwa barabarani mara nyingi kiasi kwamba mlio wa redio ya polisi peke yake unawatia jasho. Kwa hao, ruhusu anayehisi hivyo asiihudumie meza ile, bila kumtaka ajieleze. Pale ambapo kukataa kuna mantiki kamili ni mahali kama Hasta Muerte, duka la kahawa la ushirika huko Oakland lililomkatalia askari mwaka 2018, ambako wafanyakazi ndio wamiliki, wamekubaliana pamoja, na wako tayari kubeba gharama yake. Mwajiri anayekataa kwa niaba ya wafanyakazi ambao hakuwauliza hana msingi huo.

Askari wa kiraia aliyeficha bastola hazungumzwi sana, ilhali ndiye ninayemwona kuwa hatari zaidi, hasa mahali panapouzwa pombe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2004 inamruhusu askari mwenye sifa kubeba silaha iliyofichwa katika majimbo yote, lakini ruhusa hiyo haimhusu aliyelewa, na sheria hiyohiyo haifuti sheria za majimbo zinazompa mwenye eneo binafsi haki ya kukataza silaha zilizofichwa katika eneo lake. Ukiwa na baa, na jimbo lako likikuruhusu, weka kanuni fupi isiyo na tofauti: mwenye silaha, awe raia au askari asiye zamuni, hauziwi pombe. Kanuni hiyo ni rahisi kuitetea kuliko ile ya sare, na hata askari wengi wataona maana yake.

Ukishaamua, andika. Kanuni iseme kitu, isiseme watu: taja silaha, usiitaje tabia ya polisi wala siasa za mwaka huu. Itumike kwa kila mtu bila kuchagua sura, kwa sababu siku utakapomkatalia askari Mweusi au mwenye kilemba na kesho yake ukamhudumia mwenzake Mzungu, utakuwa umeingia katika ubaguzi ambao sheria ya 1964 inauona waziwazi. Ibandike mlangoni kwa maandishi yanayosomeka kabla mtu hajaingia. Katika baadhi ya majimbo maneno na ukubwa wa herufi za tangazo la silaha vimewekwa na sheria, kwa hiyo usitunge mwenyewe.

Mhudumu afundishwe maneno machache ya kumwambia askari mlangoni, kwa sauti ya kawaida na si mbele ya meza nyingine: «Karibu, afisa. Nyumba yetu haipokei silaha kwa mtu yeyote. Tunaweza kukufungia chakula, tukuletee hapa nje.» Asiongeze sababu wala hotuba. Askari akikataa kutoka, mhudumu asimguse wala asimpigie kelele. Amwite meneja, ambaye atarudia maneno yaleyale na kuandika saa, tarehe na mashahidi. Kisheria anayebaki baada ya kuambiwa aondoke anavamia eneo la mtu, ingawa utatambua mwenyewe ucheshi wa kuwapigia polisi simu waje kumwondoa polisi.

Tegemea maoni ya nyota moja mtandaoni kutoka kwa watu ambao hawajawahi kula kwako, na pengine taarifa kutoka chama cha askari. Uwe na sentensi tatu zilizoandaliwa na mtu mmoja tu wa kuzisema. Usijibu kila maoni, na usifute yale ya lawama yasiyo na matusi.

Mwisho, karatasi hiyohiyo ya kanuni iwe na sehemu ya pili kuhusu lini wafanyakazi wako wapige simu polisi. Mwezi Mei 2020 duka moja la Minneapolis liliwaita polisi kwa noti ya dola 20 iliyodhaniwa kuwa bandia, na askari mmoja wa walioitikia wito huo akamuua George Floyd nje ya duka hilo. Bila shaka hakuna aliyekuwa kaunta aliyetaka hivyo. Orodhesha basi mambo ya kupiga simu mara moja: silaha iliyotolewa, mtu aliyeumia, wizi wa nguvu, moto. Kwa noti bandia, bili isiyolipwa au mteja anayesinzia, meneja aitwe kwanza, na hasara ndogo iandikwe katika daftari la siku.