Zege la saa sita usiku

Wewe unayeishi hosteli, kama kila usiku miguu inakupeleka kwa muuza chipsi na ulishakula, usianze kwa kujilaumu. Angalia kwanza unalala saa ngapi. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa (ghrelini) huweza kupanda na ya shibe (leptini) kushuka. Ndiyo maana wiki ya mitihani hamu ya zege (chipsi mayai) na soda haizuiliki.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa dodoso la kupima uraibu wa chakula. Jiulize kama wao: unakula kupita ulivyokusudia? Umejaribu kupunguza mara ngapi ukashindwa?

Kilichonisaidia mimi ni hiki: bumu (pesa ya kujikimu ya mwanafunzi) likitoka, kabla halijayeyuka, mlipe mama ntilie chakula cha jioni cha wiki mbili. Wali maharage na mchicha, saa moja jioni, umekaa chini, simu mfukoni. Maharage hukaa tumboni. Mezani weka ndizi mbivu na karanga za kukaanga, ili ukisoma hadi usiku mkono uwe na pa kwenda. Soda nayo, chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Mimi nilianza kwa kuiacha siku za masomo tu.

Lakini ukijikuta unakula kwa kujificha, au unajitapisha baadaye, tafadhali nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo wiki hii hii.