Kulinganisha Nyuzi za Gita kwa Kusikiliza Mapigo

Anayeanza kujifunza gita huambiwa asikilize kama sauti mbili zimefanana, ushauri usiomfaa sana, kwa sababu sikio changa halitambui tofauti ndogo ya wembamba wa sauti. Kilicho rahisi kusikia ni mapigo. Sauti mbili zinazokaribiana zikilia pamoja, mitetemo yake mara hutiana nguvu, mara hufifishana, na sikio hupata mlio mmoja unaovimba na kunywea: wau, wau, wau. Idadi ya mapigo hayo kwa sekunde ni sawa na tofauti ya mitetemo yenyewe, hivyo 440 Hz (yaani mitetemo 440 kwa sekunde) na 442 Hz hutoa mapigo 2 kila sekunde.

Anza na uzi wa tano ukihesabu kutoka ule mwembamba zaidi, unaoitwa A kwa jina la noti yake, ambao ukiwa wazi, bila kubanwa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Gonga uma wa sauti wa 440 Hz (chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti moja isiyobadilika) kwenye goti, kisha simamisha kitako chake juu ya ubao wa gita. Gusa uzi kwa wepesi, bila kuubana, juu kabisa ya chuma cha freti ya tano (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gita), ambapo ni robo ya urefu wake. Upige, na uondoe kidole papo hapo. Utasikia mlio mwembamba kama wa filimbi: hiyo ni hamoniki ya nne, yaani sauti ya uzi unaotetemeka katika robo zake, mara 4 ya 110, sawa na uma. Kosa nalo limezidishwa mara 4, kwa maana uzi uliopanda hadi 111 Hz utatoa mapigo 4 kwa sekunde, jambo ambalo hata mgeni hulisikia. Zungusha kigingi cha kukazia uzi polepole. Mapigo yakizidi kasi, umekosea upande. Yakipungua hadi mlio ukatulia kabisa, acha.

Wengi huendelea kwa kulinganisha hamoniki ya freti ya tano ya uzi mmoja na ya freti ya saba ya uzi unaofuata. Mimi siipendi njia hiyo. Huleta uwiano kamili wa 4 kwa 3 kati ya mitetemo ya nyuzi hizo mbili, ilhali freti za gita zimepangwa kwa kugawa oktavu (umbali kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo maradufu) katika hatua 12 zilizo sawa, na kwa mpango huo uwiano ni takriban 1.3348, si 1.3333. Kosa la kila uzi ni dogo, lakini hurithiwa na uzi unaofuata, na kufikia uzi wa G, yaani wa tatu, masikio yaliyozoea hulalamika.

Afadhali kila uzi uulizwe kwa A ileile. Bana uzi wa sita kwenye freti ya tano na uulinganishe na A wazi. Uzi wa nne kwenye freti ya saba na wa tatu kwenye freti ya pili hulinganishwa na hamoniki ya A ya freti ya 12, yenye 220 Hz. Uzi wa pili kwenye freti ya 10 na wa kwanza kwenye freti ya tano hulinganishwa na ile ya 440 Hz. Piga hamoniki kwanza, iache ilie, kisha bana uzi mwingine na uupige, ili mkono wa kulia ubaki huru kuzungusha kigingi. Usibane kwa nguvu, kwani uzi ukivutwa hupanda.

Uzi uliopita kiasi ulegeze hadi chini ya sauti inayotakiwa, ndipo uukaze tena, maana meno ya kigingi yana nafasi ndogo ambayo huuachia uzi baadaye. Ukimaliza nyuzi zote, rudi kwenye uzi wa A na uma wako: mvuto uliobadilika shingoni mara nyingi huwa umeushusha kidogo.