Mabomba na maji taka kwenye nyumba ya zamani: jua kwanza shida iko wapi kabla hujavunja ukuta

Nyumba ikishafika miaka 40, 50 hivi, mabomba yake yanaanza kusumbua kwa zamu, leo koki ya jikoni inatoa maji kiduchu, wiki ijayo choo kinapandisha, halafu bafuni kunaanza kunuka, na mwenye nyumba anaita fundi kwa kila kimoja wakati chanzo mara nyingi ni kimoja au viwili tu. Kinachoniuma ni watu kuvunja tailsi na kuchimba sakafu kabla hata hawajajua shida iko wapi. Kuitafuta mara nyingi hakuna gharama, ni kuwa na subira tu.

Anza na maji safi. Kwanza kabisa itafute koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, na ujaribu kuifunga siku ambayo hakuna shida. Koki ambayo haijaguswa miaka mingi huwa imekamata, usiilazimishe kwa spana ndefu maana shina linakatika na hapo maji hayafungiki tena. Iguse kidogo kidogo mbele na nyuma, weka mafuta ya kulainisha, ikigoma kabisa ibadilishwe kwa utulivu kuliko kuja kugundua haifungi usiku bomba limepasuka.

Sasa presha ndogo. Usikimbilie kununua pampu. Fungua kwanza kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki ukisafishe, maana mara nyingi kimejaa mchanga na kutu. Bado ni kidogo? Chukua ndoo ya lita 10, pima inajaa kwa muda gani kwenye koki iliyo karibu na mita ya maji, halafu pima koki ya mbali ndani ya nyumba. Kama zote mbili ni dhaifu basi shida iko huko maji yanakoingilia, kama ya nje iko vizuri na ya ndani ni dhaifu basi ni mabomba yako. Na kama ni maji ya moto tu yanatoka kidogo, angalia hita na laini yake, kwenye mabomba ya chuma upande wa maji ya moto huwa unawahi kuchoka.

Nyumba nyingi za zamani zina mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yale ya kijivu yanayofungwa kwa nyuzi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu. Zinki ikishaliwa, chuma kinashika kutu kwa ndani, na kutu inajijenga mpaka tundu linabaki dogo sana ingawa kwa nje bomba linaonekana zima. Dalili yake ni maji ya kahawia asubuhi, yaani yale yaliyolala kwenye bomba, yakitiririka kidogo yanasafika. Yakiwa ya kahawia siku nzima na majirani nao wanalalamika basi sio bomba lako.

Huna uhakika bomba ni la nini? Shika sumaku. Chuma kitanasa. Shaba hainasi, ukiikwangua inang'aa rangi ya shaba. Lakini kama sumaku hainasi na bomba ni laini, ukilikwangua kwa sarafu linang'aa kama fedha, hilo huenda ni la madini ya risasi na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Hilo usilipige kiraka, lipangie kubadilishwa, na kwa sasa maji ya kunywa na kupikia toa kwenye chanzo kingine. Kuyachemsha hakuondoi risasi.

Kuhusu viraka niseme wazi, bomba la chuma lililooza likivuja sehemu moja, ukikata kipande hicho na kuweka kipya, muda si mrefu linavuja pembeni, kwa sababu ile nguvu ya kufungua inatikisa nyuzi za jirani ambazo nazo zimebaki nyembamba. Kama ni lazima ufungue, tumia spana mbili, moja inashikilia bomba na nyingine inafungua. Na usiunganishe shaba moja kwa moja na chuma cha zinki, metali hizo zikikutana kwenye maji chuma kinaliwa haraka, weka kiungo maalumu cha kuzitenganisha. Bora hela za viraka vitatu uzikusanye ubadilishe laini nzima.

Uvujaji uliojificha unapimwa kwa mita. Funga koki zote, hakikisha tangi la choo limeshajaa, soma mita, kaa saa moja au mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Ikisogea kuna sehemu yanapotea. Anza na choo, tia rangi ya chakula ndani ya tangi la kuflashi, subiri nusu saa bila kuflashi, ukiona rangi kwenye bakuli basi ule mpira wa chini haufungi vizuri, na huo ni wa kubadilisha mwenyewe. Rangi isipoonekana ndio uanze kufikiria bomba la chini ya ardhi.

Upande wa maji taka ndio wenye mambo mengi zaidi, na kanuni yake ni hii: angalia ni vitu vingapi vinazingua kwa pamoja. Sinki moja tu linachelewa kuondoa maji, basi kizuizi kiko hapo hapo. Sinki na bafu vya upande mmoja, basi ni tawi linalovihudumia. Ukiflashi choo halafu maji yanapanda kwenye tundu la bafu, laini kuu imeziba, na hapo acheni kutumia maji nyumba nzima mpaka izibuliwe.

Sinki moja: weka ndoo chini, fungua trapu, ile kona iliyojikunja inayobaki na maji ya kuzuia harufu, isafishe urudishe. Kwa beseni la kunawia au bafu tumia mpira wa kuzibulia, lakini ziba lile tundu la juu la kuzuia kufurika kwa kitambaa kibichi, la sivyo unasukuma hewa tu, na maji yawe yamefunika mpira. Dawa kali za kuzibua mimi sizipendi kabisa kwenye nyumba ya zamani. Soda kali (caustic soda) iliyomo inatoa joto kubwa, kizuizi kisipoachia dawa inabaki imekaa kwenye bomba, na fundi atakayefungua ndiye itakayemrukia. Ukishamwaga dawa moja usiongeze nyingine, na dawa ya klorini usiichanganye na tindikali hata kidogo, inatoa gesi inayoua.

Laini kuu unaisoma kwa chemba, yale mashimo ya ukaguzi yenye mifuniko juu ya bomba la maji taka. Fungua mifuniko kuanzia iliyo karibu na nyumba, chemba iliyojaa na inayofuata iliyo kavu, kizuizi kiko katikati yao. Fimbo za kuzibulia zizungushe upande wa saa tu, ukizungusha kinyume zinafunguka na kipande kinabaki ndani. Usiingize kichwa wala kushuka kwenye shimo la maji taka hata kama limekaa wazi, gesi yake inamwangusha mtu ghafla na anayemfuata kumwokoa naye anaanguka.

Kama inaziba pale pale kila baada ya miezi kadhaa, kuzibua sio dawa tena. Mabomba ya udongo wa kuchoma yana viungo vifupi vifupi, mizizi ya miti inapenya kwenye nyufa kufuata unyevu, ukiikata inaota tena. Au udongo umetitia na bomba limebonyea katikati, mteremko umekufa, kinyesi kinatulia. Bomba la milimita 100 linataka kushuka kama sentimita 2 hadi 2.5 kila mita. Hapo lipa mtu apitishe kamera ndio uchimbe, utachimba mita mbili badala ya ua mzima.

Harufu bila kuziba? Tundu la sakafuni lisilotumika trapu yake imekauka, mimina maji na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yasikauke haraka. Ukisikia maji yanagugumia kwenye sinki wakati choo kinaflashiwa, kagua pia bomba la hewa juu ya paa, ndege na majani wanaliziba.

Wenye tangi la maji taka nyumbani, tangi kujaa maji mpaka usawa wa bomba la kutokea ni kawaida, sio sababu ya kuita gari la kunyonya. Kinachopimwa ni tope la chini na utando wa juu, vikifika kama theluthi ya kina ndio linyonywe. Likinyonywa halafu baada ya siku chache maji yamepita usawa ule wa kawaida, shimo ambalo maji yanayotoka kwenye tangi hunywea ardhini ndilo limechoka.

Jambo moja la hatari: kwenye nyumba za zamani waya wa ethi wa umeme, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, mara nyingi umefungwa kwenye bomba la chuma la maji. Ukibadilisha bomba hilo kwa plastiki unakuwa umekata ethi ya nyumba, kwa hiyo fundi umeme aje kwanza. Na kabla hawajapiga plasta, jaza laini mpya maji, iache na presha usiku mzima, kagua kila kiungo kwa tishu kavu, halafu piga picha ukutani pakiwa na futi kamba, ionekane bomba liko umbali gani toka sakafuni na toka kona.